Barua ya wazi kwa wakubwa wa chuo na wizara: kinga ya mwili haipimwi kwa semista

Kwa VC, yaani makamu mkuu wa chuo, kwa mkuu wa kitivo, kwa watu wa fedha, na kwa mheshimiwa Waziri ikimfikia,

Salaam aleikum na poleni na kazi. Naandika wazi manake zile barua nilizoandika kwa njia yake, zikapigwa muhuri wa kupokewa na sekretari akanipa nakala, mpaka leo sijui zimelala droo gani. Sitataja chuo, sitataja mtu. Mkijiona humu ni nyinyi, msipojiona basi nazungumza na wengine.

Mi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, makao yangu sa hivi ni Malindi na nafundisha imyunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, huu mwaka wa nne. PhD ninayo. Naitaja si kwa kujisifu, ni kwa sababu kuna bwana mmoja ofisini alinambia nyinyi vijana mwataka vyeo kabla ya kusoma, nikanyamaza, lakini nimesoma jamani, nimesoma mpaka macho yameharibika. Na pamoja na hiyo PhD mkataba wangu ni pati-taimu, wa semista moja moja, miezi minne unakwisha, halafu nakaa nyumbani nasubiri simu kama mtu aliyeposwa.

Nitawaeleza kwa nini miezi minne ndo shida yenyewe, hata kabla hatujafika kwenye pesa.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa wakati wa ukame, mvua hakuna, kila nyumba ya Lamu maji yakipatikana yanawekwa kwenye mapipa, mitungi, madebe, chochote kinachoshika maji, na hayaguswi ovyo manake hujui lini utapata mengine. Sisi tuliona ni akiba. Kumbe ndo tulikuwa tunafuga mbu. Aedes aegypti si kama yule wa malaria, huyu anauma mchana na anapenda maji masafi yaliyotulia, wala haendi mbali, anazaliwa chini ya ngazi yako anakula kwako. Nyanya yangu alikuwa akishona kofia, zile za mkono zinazochukua miezi, siku moja akashindwa kushika sindano, vidole vimefura, homa, halafu magoti, halafu mgongo, akawa akitembea ameinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nyumba ya jirani vilevile. Shule ikabaki nusu. Baadaye ndo tukasikia jina, chikungunya, neno la Kimakonde la kujikunja, manake ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza huko upande wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 53. Watafiti walipokuja Lamu Oktoba 2004 kupima damu wakakuta karibu watu 75 kwa kila 100 wameshaupata. Robo tatu ya mji.

Na haukukaa kwetu. Ulishuka Mombasa, 2005 ukafika Ngazija, ukavuka hadi Réunion ambako karibu theluthi ya kisiwa waliugua, kisha India ukawakuta watu zaidi ya milioni. Huko Réunion, kwa vile ni Ufaransa, maabara zilifunguliwa, wagonjwa wakafuatwa mwaka baada ya mwaka, wakaandikwa. Sisi tulioanza tulibaki na Panadol na mafuta ya kuchua.

Swali langu la utafiti ni hilohilo tu, wala si la kushinda tuzo: wale wa 2004, kinga yao bado ipo? Ukiingiliwa na kirusi mwili kwanza hutoa kingamwili, yaani protini za damu zinazomkamata kirusi, za haraka huitwa IgM, hizo hupotea baada ya wiki au miezi, halafu zinakuja IgG ambazo zinaweza kukaa miaka, na nyuma yake kuna seli B za kumbukumbu ambazo zimetulia kama wazee barazani, kazi hawafanyi lakini akipita mwizi waliyewahi kumuona watapiga kelele. Basi zimekaa? Kwa nani zimekaa na kwa nani zimekwisha? Na watoto waliozaliwa Lamu baada ya 2004, ambao hawajawahi kuuona huu ugonjwa, si ni mji mzima mpya unaosubiri? Mombasa ulirudi 2017 hadi 2018, mliona wenyewe. Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, siku moja mtu atauliza Pwani ya Kenya nani apewe kwanza, na jibu halitatoka mbinguni.

Nikaanza. Kibali cha maadili, kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, ada zote nimelipa mwenyewe. Nikaenda Lamu safari tano, watu 62, wengi wazee, wengi wananijua tangu sijaanza madrasa. Damu natoa baada ya swala ya alfajiri, nina vikapu viwili, kimoja kina barafu cha mirija ya seramu, yale maji ya damu yanayobaki seli zikitolewa, kingine hakina barafu kabisa manake zile seli nyeupe ukizitia baridi zikiwa bado ndani ya damu unaziharibu. Boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi, mi na buibui langu nimekumbatia kikapu mapajani njia nzima, hata maji sinywi. Safari ya pili nahodha aliuliza huyo ni samaki gani asiyetaka kuwekwa chini, nikamwambia ni damu ya shangazi yako, kweli alikuwemo. Boti zima lilicheka halafu likanyamaza, akanishika mkono kunishusha. Nikifika ni moja kwa moja maabara, kutenganisha seli, kuhesabu, kugandisha, mpaka saa sita usiku.

Sasa sikilizeni.

Semista iliisha Ijumaa. Mkataba wangu ukaisha Ijumaa hiyohiyo na kadi ya kufungulia mlango wa maabara ikafa nao, manake mfumo wenu umefunga kadi na mkataba pamoja. Jumamosi jioni stima ikapotea. Askari wa zamu alinipigia, Mungu ambariki, akasema madam jenereta haiwaki, haina dizeli, karatasi ya kununua dizeli iko mezani kwa mtu hajasaini na huyo mtu yuko semina. Mi nikachukua tukutuku, nikapita sheli nikanunua dizeli lita ishirini kwa pesa yangu, nikafika getini saa mbili usiku. Askari hakunifungulia. Simlaumu, alinionyesha orodha, jina langu limepigwa mstari, akasema madam nikikuruhusu kesho mi sina kazi. Nikapiga simu ofisi hii na ile, simu ya mwisho nilijibiwa "lakini wewe sasa si staff wetu". Nilikaa kwenye ile benchi ya simenti na dumu la dizeli miguuni mpaka saa nne na nusu, mbu wananiuma, nikarudi nyumbani.

Jumatatu teknisheni alifungua friza. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ilikuwa inasoma 17 juu. Maji chini. Seli zilikuwa hapo kwa muda tu zikingoja naitrojeni ya maji ambayo nayo oda yake ilikuwa kwa prokyumenti wiki ya tisa, zote zimekufa. Seramu ingepona, kingamwili si tepetepe kiasi hicho, zinaweza kuyeyuka zikagandishwa tena na ukapima, lakini maboksi yalilowa na lebo zikatoka. Na hapo niseme ukweli, kosa lina mkono wangu. Lebo zinazostahimili baridi ziko kwenye orodha niliyopeleka mwaka wa kwanza, hazikuja, nikatumia masking tepu na kalamu, nikajiambia ni kwa muda. Nilijua si sawa. Nilibaki na mirija mia na kitu isiyo na majina, safi kabisa, na haina maana yoyote, manake IgG bila kujua ni ya nani, mwenye miaka mingapi, aliugua 2004 au la, ni maji ya rangi ya chai tu.

Kuna kitu nataka muelewe hapa. Ile kadi isingekufa ningeingia. Ningekuwa na mkataba wa mwaka mmoja, mmoja tu, nisingekuwa "si staff wetu" saa mbili usiku wa Jumamosi. Kwa hiyo msiniambie ilikuwa ni stima, stima Malindi inapotea, tunaijua, hata kuku wanajua.

Nenda Kilifi, ni barabara hiihii, kama kilomita sitini tu, utakuta KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Wellcome wa Uingereza wako pale tangu 1989. Walifuata watoto waliopewa chanjo ya malaria ya RTS,S dozi tatu, wakawafuata miaka saba, matokeo yakatoka 2016. Mwaka wa kwanza chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 35.9. Ukijumlisha miaka yote saba inabaki 4.4. Yaani kinga ilikuwa inashuka mwaka hadi mwaka, na kwa wale wanaoishi palipo na mbu wengi hata mambo yaligeuka, mwaka wa tano waliochanjwa walikuwa wanaugua zaidi ya wasiochanjwa. (Asitokee mtu akachukua hii kwenda kusema chanjo haifai, tafadhali. Hizo zilikuwa dozi tatu bila ya kuongezea, ndo maana dozi ya nne ni muhimu, na Oktoba 2021 WHO walipoipendekeza walisema nne. Inaokoa watoto. Wangu angekuwa sehemu inakotolewa ningempeleka asubuhi.) Ninachosema ni hivi: aliyekuwa na mkataba wa miezi minne angeangalia mwanzo tu, angeandika ripoti nzuri, angepigwa picha, na hakuna mtu angejua kwamba inashuka. Kushuka kunaonwa na aliyekaa.

Mimi mmeniajiri nisome kumbukumbu ya mwili kwa mkataba usiokumbuka jina langu likizo ikianza.

Na hii inaingia kila mahali. Mwaka jana nilipata nafasi ya kuomba granti ya watafiti vijana, ya miaka miwili, pesa za kununua hata friza yetu wenyewe. Walitaka barua ya mstari mmoja kutoka chuoni kwamba nitakuwa mwajiriwa kwa muda wote wa mradi. HR akasema hawezi kuandika uongo. Ni kweli, ingekuwa uongo. Nikamwambia basi ifanyeni iwe kweli, akacheka akidhani natania. Kupata mkataba mrefu, naambiwa nionyeshe granti na machapisho. Kupata granti nionyeshe mkataba. Wazee wangesema kuku na yai, mi nasema hiki ni kizungumkuti na kuna mtu anakilipia, na mtu mwenyewe ni mimi.

Ya kufundisha nitasema kidogo tu manake mnayajua. Yunit nne. Darasa moja lina wanafunzi 140 na darubini nzima ni tatu, moja inataka uishikilie kwa kidole ndo ioneshe. ELISA, kipimo cha kutafuta kingamwili kwenye damu, nawafundisha kwa kuchora ubaoni visima 96, nane kwa kumi na mbili, tunapaka chaki ya njano kinachogeuka rangi. Siku moja nilileta sahani halisi niliyobakisha kwenye utafiti, imeshatumika, rangi imekauka, ikapita mkono kwa mkono mpaka safu ya mwisho na kijana mmoja wa Ganda akaniuliza madam kwa hiyo hii njano ni mtu? Nikamwambia ndio, kila kisima ni mtu. Akaigeuza dirishani akaitazama muda. Huyo atakuwa mwanasayansi mkimwachia. Natafsiri nusu ya somo kwa Kiswahili, najua kitabu cha taratibu kinasema Kiingereza, lakini ukimwambia mtoto wa Mambrui kwamba seli T zinafundishwa kwenye tezi ya thimasi ambako nyingi zinafelishwa na kuuawa, chache ndo zinafaulu, anacheka anasema kama sisi na mtihani wako, na hasahau tena.

Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulipoisha baada ya siku 49 watu walinipongeza mtaani, hongera mwalimu mmelipwa. Mi kama pati-taimu haikunihusu hata senti. Mama alitengeneza mahamri tukanywa chai, sikumwambia.

Mheshimiwa Waziri, hili ni lako: sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilisema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka. Tuliiandika wenyewe, haikuletwa na mfadhili. Tuko mbali nayo. Sitarajii muijaze kesho, naelewa deni na mambo yake, lakini nikisikia hotuba kwamba Afrika itengeneze chanjo zake yenyewe huwa natafuta pa kukaa. Zitapimwa na nani? Kwenye friza gani?

Kwa chuo, ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi nusu. Mwalimu mwenye PhD anayefanya utafiti apewe mkataba usiopungua miaka mitatu, hata kama mshahara ni huohuo mdogo, nimeshauzoea. Kadi ya maabara ifuate mradi wenye kibali, isifuate semista. Dizeli ya jenereta ya maabara isisubiri saini ya mtu mmoja, mpeni teknisheni uwezo wa kununua lita arobaini, ibeni hiyo pesa kwenye chai ya mikutano, hakuna atakayekufa. Na malimbikizo ya semista mbili, mlipe, sio kwangu tu, kuna mwenzangu wa fiziolojia anaendesha boda usiku Maweni akiwa na helmeti imeziba uso ili wanafunzi wasimjue. Wanamjua. Wanampanda makusudi wamlipe zaidi.

Najua mtakachosema, kwamba pesa hakuna. Sawa. Lakini kadi ya mlango ni bure.

Baada ya friza nilirudi Lamu kuwaambia. Ningeweza kutuma ujumbe, lakini damu ya mtu huombi radhi kwa simu. Nilipita nyumba kwa nyumba siku mbili. Wengi walisema pole mwanangu, ni mipango ya Mungu. Bi mmoja wa Mkomani, ana zaidi ya miaka themanini, alikuwa amekaa kwenye daka anachambua mchele, sikutegemea ataelewa hata nikafupisha. Hakukubali nifupishe. Akauliza iliharibika vipi. Nikamwambia stima. Akasema stima ilipotea na wewe ulikuwa wapi? Nikamwambia nilikuwa nje ya geti. Akaacha mchele. "Nje? Kwani si kazini kwako?"

Nikakosa la kusema, wallahi. Nina PhD ya kinga ya mwili na nikakosa la kusema mbele ya ungo wa mchele.

Mwisho akakunja mkono wa kanzu, akasema nitoe nyingine, mshipa wa kushoto ndo mzuri, yule wa kulia umechoka. Sikuwa na mirija siku ile wala ruhusa, nikamwambia nitarudi. Akasema urudi, lakini uniambie kwanza safari hii utaiweka wapi.

Nimemwambia nitamjibu baada ya Idi.

Wenu,
Mwalimu wa pati-taimu, Malindi

NB: Fomu ya madai ya semista ya Januari nimeileta tena mara ya tatu, iko kwa sekretari kwenye faili la kijani, imesainiwa pande zote. Na lile dumu la dizeli bado ninalo nyumbani, limejaa, mkilihitaji nitaliacha getini.